Riwaya ya Mapenzi na Taharuki na Ng'ambo ya Mto Tana

Nia ya makala haya ni kuchunguza jambo ambalo wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamelipita kimya, nalo ni kwamba utanzu uliopendwa sana katika fasihi yetu andishi, yaani riwaya ya mapenzi na taharuki, umesita kuvuka Mto Tana. Wahusika wa riwaya hizo wametembea sana. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ameizunguka Unguja, mjini na shamba. Willy Gamba wa Elvis Musiba ametumwa Nairobi katika Kufa na Kupona (1974), kisha Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi (1979). Kongowea Mswahili wa Ken Walibora, katika Siku Njema (1996), ametoka Tanga akaingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Lakini katika riwaya zinazosomwa na kufundishwa, ni nadra mno kumkuta mhusika akipanda basi la Garissa, seuze kuzaliwa huko, kupenda huko na kuwa na siri huko.

Mtu aweza kujibu kwamba jambo hili halina ajabu, kwa kuwa waandishi wa Kiswahili wametoka pwani, visiwani na Tanzania bara, na mtu huandika anayoyajua. Jibu hilo ni la kweli nusu. Musiba hakuwa Mkongo, wala wengi walioandika juu ya majambazi wa Nairobi hawakuwa majambazi. Isitoshe, Garissa si mbali na Uswahili kama ramani ya fikra inavyotuonyesha. Mto ule ule unaopita hapo ndio unaoteremka kwa Wapokomo hadi Kipini, na Jubaland, pamoja na Kismayu yenye Wabajuni wake, ilikuwa sehemu ya Kenya hadi Waingereza walipowakabidhi Waitalia mwaka 1925. Sababu lazima itafutwe kwingine, na dai langu ni kwamba iko ndani ya utanzu wenyewe: riwaya ya taharuki ya Kiswahili ilijengwa juu ya sharti moja ambalo historia ya Kaskazini Mashariki ya Kenya haikulitimiza.

Siri na mpokeaji wake

Kwanza tukubaliane maana. Ninaposema riwaya ya mapenzi na taharuki nina maana ya hadithi ndefu ambayo ndani yake pendo la watu wawili limefungamana na siri, na siri hiyo haiwezi kufunuliwa pasipo kumgharimu mtu wa damu moja na mmoja wao. Fasili hii inaacha nje vitabu vingi vya mapenzi matupu na vitabu vingi vya bastola tupu, nami sioni hasara. Inabakiza kiini kilichozifanya kazi bora za aina hii zidumu kusomwa, hata pale wahadhiri wa miaka ya sabini na themanini walipozikunjia uso na kuziita fasihi pendwa kwa sauti ya kuzitusi.

Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, kiliweka msingi. Kwa juu juu ni hadithi ya mauaji na mpelelezi mwenye kiko. Lakini anayezisoma riwaya za Abdulla kwa mfululizo, tangu hiyo hadi Mwana wa Yungi Hulewa (1976), ataona kwamba Bwana Msa hapelelezi jinai kiasi anavyopelelezа nasaba. Swali lake la kudumu ni: nani mtoto wa nani, na nani amefichwa asijue? Mapenzi ya vijana huja kukwama juu ya mwamba huo. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Kiu (1972), alilichukua pendo akaliingiza katika tamaa ya mali. Zainab Burhani, katika Mali ya Maskini (1981) na Mwisho wa Kosa (1987), aliyarudisha mambo katika malezi, heshima ya mwanamke na tofauti za hali. Kwa upande wa upelelezi, Faraji Katalambulla alikwisha kuingiza mji, simu na polisi katika Simu ya Kifo (1965), na kundi zima la waandishi wa Dar es Salaam likamfuata.

Katika kazi hizi zote, ziwe nzito au nyepesi, siri ina mpokeaji. Bwana Msa akimaliza kueleza, Inspekta Seif yupo. Willy Gamba akimaliza kazi, iko ofisi iliyomtuma, na nyuma ya ofisi hiyo iko dola ambayo msomaji wa mwaka 1974 alikuwa tayari kuiamini. Hata pale mwandishi anapomcheka polisi, kama Abdulla anavyomcheka Seif kwa upole, humcheka kwa kuwa si hodari, wala hamshuku kuwa adui. Ukweli ukifunuliwa hupelekwa mahali, na mahali hapo ndipo hadithi inapotua. Jamaa hupoteza heshima na pengine mapenzi huvunjika, lakini sheria hubaki imesimama kama ukuta wa nyumba ambao wahusika wanaweza kuuegemea wakilia.

Hilo ndilo sharti nililolitaja. Sasa tulipeleke Garissa.

Jimbo lililofungwa

Eneo lililoitwa na Waingereza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini lilitawaliwa kwa sheria zake pekee: sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1926 na ile ya wilaya maalumu ya mwaka 1934. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Mwaka 1962 tume iliyotumwa kuuliza maoni ya wenyeji ilikuta kwamba wengi walitaka kujiunga na Somalia, lakini matakwa hayo hayakufuatwa, na Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa huko mwezi huo huo. Vita vilivyofuata vilidumu hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Watu walikusanywa katika vijiji vya lazima, mifugo ikafa au ikachukuliwa, na sheria ya mwaka 1970 ikawakinga watumishi wa dola wasishitakiwe kwa waliyoyatenda huko tangu Desemba 1963 hadi mwanzo wa Desemba 1967. Sheria za dharura zenyewe hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kwa maneno mengine, mtoto aliyezaliwa Garissa mwaka wa uhuru alitimiza miaka ishirini na minane kabla ya kuishi chini ya sheria zile zile alizoishi mtoto wa Nyeri au wa Mombasa.

Katika muda huo yalitokea mambo ambayo mwanariwaya asingeyabuni bila ya kuambiwa ametia chumvi. Novemba 1980 vikosi vya serikali viliwaadhibu wakazi wa mji wa Garissa kwa pamoja baada ya maofisa kuuawa, na nyumba za mtaa wa Bulla Kartasi zikateketezwa. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Serikali ilikiri vifo 57. Walionusurika wamesimulia idadi kubwa mara nyingi kuliko hiyo, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyachunguza mambo hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walitakiwa kupita mbele ya kamati kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi ya ziada. Uthibitisho huo ulidai mtu ataje ukoo, jilibu na wazee wa kumshuhudia. Dola, ambayo kwingineko ilihubiri kwamba ukabila ni adui wa taifa, hapa ilimwambia raia kwamba hana taifa asipoonyesha ukoo.

Tuiangalie sasa siri ya Wagalla kwa macho ya utanzu wetu. Katika Abdulla, siri hujulikana na wachache, na sheria haiijui. Wagalla ilijulikana na kila nyumba ya Wajir, na sheria ndiyo iliyojifanya haijui. Bwana Msa angefanya nini hapo? Hana la kufunua kwa wenyeji, na hana mtu wa kumpelekea alichokifunua. Inspekta Seif mwenyewe angekuwa miongoni mwa wanaotajwa. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, maandishi ya kwanza marefu ya mwenyeji juu ya tukio hilo, Blood on the Runway ya S. Abdi Sheikh (2007), yalikuja kwa sura ya ushahidi, wala si kwa sura ya riwaya. Mahali ambapo ukweli haujapokelewa mahakamani, mwandishi huona haya kuufanya burudani.

Na hapa inafaa niseme neno juu ya Kiswahili chenyewe, kwani sisi tunaokifundisha tunapenda kukieleza kama zawadi. Katika miji ya Kaskazini Mashariki Kiswahili kiliingia kwa njia nyingi: kwa wafanyabiashara, kwa shule, kwa Wamalakote na Wapokomo wa ukingoni mwa mto. Lakini kiliingia pia kwa kambi. Kilikuwa lugha ya kuamrisha mtu asimame na atoe kipande. Radio Mogadishu nayo, katika miaka ya vita, ilitangaza kwa Kiswahili ili isikike ng'ambo ya pili. Mzee mmoja aliniambia kwamba maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyajua yote yalikuwa vitenzi vya amri. Sikuwa na jibu la kumpa, nikaandika maneno yake katika daftari langu. Lugha iliyoanza kwa amri huchukua muda kuwa lugha ya kubembelezana, na riwaya ya mapenzi haiwezi kuandikwa kwa lugha ambayo wapenzi hawajaitumia.

Walichokifanya jirani

Hata hivyo utanzu haukukosekana. Uliandikwa, na uliandikwa vizuri, lakini kwa lugha nyingine. Jambo hili lilinipata nikiwa ng'ambo katika masomo ya shahada ya pili, ambako katika rafu moja ya maktaba vitabu vya Kisomali vilikaa karibu na vyetu. Nilikuwa nimefundishwa fasihi ya Afrika Mashariki kwa miaka minne nyumbani bila ya kutajiwa hata kimoja.

Tuanze na neno. Kiarabu kimetupa sisi riwaya, nasi tukaipa maana ya hadithi ndefu iliyoandikwa. Kimewapa Wasomali neno hilo hilo, nao wakalifanya riwaayad, yaani mchezo wa kuigiza jukwaani. Tofauti hiyo inaeleza mengi. Wakati sisi tuliipeleka hadithi ya mapenzi na siri katika kitabu cha bei rahisi, wao waliipeleka jukwaani, redioni na baadaye katika kaseti, ambako msikilizaji hahitaji kujua kusoma, na ambako mpaka uliochorwa kati ya Garissa na Kismayu hauzuii sauti.

Shabeelnaagood ya Hassan Sheikh Mumin, iliyochezwa Mogadishu mwaka 1968 na kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya B. W. Andrzejewski mwaka 1974, ni mfano ulio karibu kabisa na utanzu wetu. Jina lake lina maana ya chui miongoni mwa wanawake. Chui huyo ni mwanamume mtanashati anayewahadaa wasichana kwa ndoa za uongo, na Shallaayo, ambaye jina lake ni majuto, huachwa na mimba na aibu. Taharuki yake haitokani na swali la nani mkosaji, maana mtazamaji anamjua tangu mwanzo. Inatokana na swali la nani katika jamaa atamwamini msichana. Hapa pana tofauti kubwa na Abdulla. Siri imekwisha kufunuka. Kinachosubiriwa ni moyo wa mtu wa damu.

Kisha ikaja hati. Oktoba 1972 serikali ya Somalia ilitangaza mwandiko rasmi wa Kisomali kwa herufi za Kirumi, na miaka miwili baadaye Faarax M. J. Cawl akatoa Aqoondarro waa u Nacab Jacayl, ambayo tungeiita Ujinga ni Adui wa Mapenzi. Ndiyo riwaya ya kwanza kuchapishwa kwa mwandiko huo. Wakati wake ni ule wa vita vya Madervishi mwanzoni mwa karne ya ishirini. Cawrala, msichana anayejua kusoma na kuandika, anampenda Calimaax, shujaa aliyemwokoa chombo kilipozama katika safari ya kutoka Aden. Anamwandikia barua. Lakini shujaa hajui kusoma, hana budi kuitoa mbele ya macho ya mtu mwingine, na barua iliyoandikwa kwa mtu mmoja inakuwa mali ya watu. Baba yake Cawrala anamwoza kwa mwingine, na mwisho ni mauti.

Tukio hilo la barua linastahili kukaliwa kidogo. Wengi wamelisoma kama tangazo la kampeni ya kisomo iliyokuwa ikiendeshwa Somalia katika miaka hiyo, na kweli jina la kitabu linawapa haki. Lakini tazama linavyofanya kazi kama ufundi wa taharuki. Katika Simu ya Kifo chombo cha hatari ni simu, yaani sauti isiyo na uso. Kwa Cawl chombo cha hatari ni maandishi, yaani uso usio na sauti mpaka mtu wa tatu autie sauti. Mapenzi yanafichuka bila mpelelezi wala mbeya, kwa sababu tu mpenzi mmoja anategemea jamii ili ausome moyo wa mwenzake. Na kwa kuwa jamii hiyo ni ya watu wa ukoo, kila msomaji wa barua ni mtu mwenye maslahi katika ndoa. Sijui katika riwaya ya Kiswahili tukio lililobeba mapenzi, siri na jamaa kwa wepesi kama huo. Cawl amechanganya nathari na mashairi ya mapokeo yenye vina vya mwanzo wa maneno, na hapo pia tungeweza kujifunza, sisi ambao tuliacha ushairi wetu kando mara tu tulipoanza kuandika riwaya.

Nuruddin Farah, aliyezaliwa Baidoa mwaka 1945 na kukulia Kallafo katika Ogaden, aliandika kwa Kiingereza, lakini watu wake ni jamaa wa karibu wa watu wa Garissa kwa ukoo na kwa malisho. From a Crooked Rib (1970) inamfuata Ebla, msichana wa wafugaji anayetoroka ndoa na mzee aliyechaguliwa na babu yake. Anakimbilia kwa binamu mjini Belet Wene. Mizigo ya magendo ya binamu huyo inapokamatwa, anamwahidi Ebla kwa dalali ili apate fedha. Msichana aliyemkimbia babu ameuzwa na binamu. Msomaji wa Garissa hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa hapo: magendo, mpaka, deni na binti vimefungwa katika furushi moja, kama vinavyofungwa katika maisha.

Lakini kazi inayolijibu hasa swali letu ni Sweet and Sour Milk (1979). Soyaan anakufa ghafla. Ndugu yake pacha, Loyaan, anaanza kuuliza. Baba yao, Keynaan, aliyekuwa polisi, anashirikiana na watawala kumpamba marehemu awe shujaa wa dola iliyomwua. Yupo pia mwanamke aliyempenda marehemu na kumzalia mtoto, naye ana sehemu ya siri. Kila kiungo cha riwaya ya upelelezi kipo: kifo, karatasi zilizofichwa, mpenzi wa siri, mpelelezi. Kilichoondolewa ni mpokeaji. Loyaan hana Inspekta Seif wa kumpelekea habari. Baba yake mwenyewe ndiye Inspekta Seif. Farah aligundua kwamba pale ambapo dola ni mtuhumiwa, mpelelezi lazima atoke nyumbani, awe kaka au dada, na kwamba kila hatua anayoipiga kuelekea ukweli ni hatua ya kumwacha baba. Utiifu kwa damu haubaki mandhari ya hadithi; unakuwa ndiyo mashine inayoiendesha.

Vitabu juu ya ngamia

Oktoba 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya ilianzisha Garissa maktaba ya ngamia, ili vitabu viwafikie wafugaji ambao gari haliwafikii. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, na mkutubi hutandika mikeka chini ya mti. Jambo hilo liliwavutia waandishi wa habari wa nchi nyingi, na mwaka 2007 Mmarekani Masha Hamilton akatoa riwaya iitwayo The Camel Bookmobile. Hivyo riwaya ya mapenzi na taharuki ya Garissa hatimaye iliandikwa, na mwandishi wake alitoka Marekani.

Sina haja ya kuidharau. Ina fikra nzuri: kijiji kinapewa sharti kwamba kitabu kisiporudishwa msafara hautakuja tena, na kijana mmoja mwenye makovu hataki kurudisha. Taharuki inatundikwa juu ya kitabu kilichochelewa, nalo si jambo dogo la ufundi. Pembeni kuna mapenzi yasiyoruhusiwa, ndoa inayolegea, na kijiji kinachogawanyika kama kitapokea vitabu au kitavikataa. Lakini mtu wa lugha husimama kwenye majina. Mwanamke mmoja anaitwa Neema, na hilo ni jina letu. Mwanamume mwingine anaitwa Abayomi, na hilo ni la Kiyoruba. Kijiji chenyewe kimebuniwa pamoja na watu wake. Mwandishi alipata mto, vumbi na ngamia, lakini ukoo hakuupata. Na bila ya ukoo, siri ya wapenzi inakuwa siri ya watu wawili tu, jambo ambalo ng'ambo ya Tana haliwezekani.

Kinyume chake, filamu fupi Watu Wote (2017) ya Katja Benrath, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018, ilichukua jina la Kiswahili na tukio la kweli: Desemba 1985 katika fikra za wengine ni mbali, lakini hili lilikuwa Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu wa basi la Mandera walipokataa kujitenga na wenzao Wakristo mbele ya washambuliaji. Ndani yake Kiswahili na Kisomali vinasemwa na watu wale wale katika kiti kimoja. Filamu hiyo imethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba taharuki ya nchi ile bila ya kuonekana kimevaa nguo za kuazima.

Maslahi na maslaha

Ningependa kuligusa neno moja zaidi, kwa sababu nadhani riwaya tunayoitafuta imelala ndani yake. Sisi husema maslahi, tukimaanisha manufaa ya mtu au ya watu. Kaskazini Mashariki husema maslaha, wakimaanisha kikao cha wazee cha kusuluhisha kosa nje ya mahakama. Mzizi ni mmoja. Katika desturi ya Kisomali fidia ya damu ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, na hailipwi na mkosaji peke yake. Hulipwa na kundi zima la ukoo wake, na hupokewa na kundi zima la aliyekosewa. Katika nchi ambako mahakama ilikuwa mbali au ilikuwa adui, utaratibu huo uliokoa maisha mengi, na hatupaswi kuuzungumzia kwa kiburi cha watu waliokulia karibu na kituo cha polisi. Wanawake wa Wajir walioanza kazi ya amani sokoni wakati wa mapigano ya koo mwanzoni mwa miaka ya tisini, akiwamo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walijua kuwatumia wazee hao hao. Lakini maslaha yamefika pia mahali ambapo msichana aliyebakwa husikia kwamba jambo lake limekwisha, ngamia wamelipwa, na yeye hakuulizwa. Hapo ndipo maslaha ya ukoo na maslahi ya mtoto wa ukoo yanapoachana, kwa herufi moja.

Kisa cha namna nyingine kilidhihirika baada ya Aprili 2, 2015, washambuliaji walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi waliotoka pande zote za Kenya, na ambao lugha yao ya bwenini ilikuwa Kiswahili. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba huyo alikuwa amekwisha kuiarifu serikali kwamba mwanawe amepotea. Mtu anayetaka kujua utiifu kwa jamaa na utiifu kwa nchi vinakutana wapi na akafikirie asubuhi ile katika nyumba ya chifu yule. Siamini kwamba mwandishi yeyote wa nje ataiandika asubuhi hiyo, na sina hakika kama ningependa aiandike.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa Garissa, aliniletea daftari la kurasa mia mbili. Ndani yake aliandika kwa Kiswahili hadithi ya dada anayegundua kwamba ngamia waliolipwa ili kumaliza jambo la rafiki yake walitoka katika zizi la baba yake mwenyewe, na kwamba kijana anayetaka kumposa amekuwa akijua siku zote. Polisi yumo katika sura moja tu, na anauliza njia. Nilisoma nikiwa na penseli mkononi, kama tunavyofanya. Kila alipoandika tol, neno la Kisomali la jamaa wa upande wa baba, nililipigia mstari na kuandika pembeni: ukoo. Alipolichukua daftari alilirudisha baada ya wiki moja, amefuta penseli yangu yote.

"Mwalimu," alisema, "ukoo ni watu uliozaliwa nao. Tol ni watu watakaokulipia." Akaongeza kwamba kwao kitenzi cha kushona nguo pia ni tol, na kwamba sura ya mwisho bado hajaiandika, kwa sababu dada yule amekwisha kuijua kweli yote na hajaamua ampelekee nani.